Jirani wa Kilohezi Tisa

Mwaka juzi nilialikwa kwenye kipaimara cha mjukuu wa jirani yangu hapa Zuzu, nikaketishwa karibu na kijana mmoja mhandisi wa mitambo ya redio, ambaye baba yake alipita mikononi mwangu chuoni. Kijana ana adabu. Aliniamkia kabla sijakaa, akanisogezea kiti kivulini, akanichagulia vipande laini vya nyama kwa kuyahurumia meno yangu. Lakini tulipofika kwenye soda akatamka jambo ambalo limenikaa kooni tangu siku ile. Muziki ulikuwa mkubwa, sikuweza kumjibu sawasawa. Namjibu hapa.

Alisema hivi: "Mwalimu, masafa ya kati hayajafa, yatafufuka kwa dijitali. Unachukua mtambo uleule na stesheni ileile, unapachika dijitali pembeni mwa sauti ya kawaida. Mwenye redio mpya atasikia safi kama FM, na mwenye redio ya zamani ataendelea kusikia kama kawaida. Hakuna anayepoteza."

Hakuna anayepoteza! Nimefundisha miaka 39, zaidi ya nusu yake nikiwa mkuu wa shule na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, na nimekaa katika vikao vingi vilivyomalizika kwa maneno hayohayo. Karibu kila mara aliyepoteza alikuwa mtu ambaye hakualikwa kikaoni.

Naomba msomaji asiye fundi anivumilie kidogo, maana ubishi huu haueleweki bila kuijua mipaka. Masafa ya kati ni shamba la pamoja la mataifa. Mwaka 1975 nchi za Ulaya, Afrika, Asia na Pasifiki zilikutana Geneva zikaligawa shamba hilo, na mgawo ukaanza kufuatwa mwezi Novemba 1978. Kila stesheni ilipewa mahali pake, na kutoka stesheni moja hadi jirani yake ni kilohezi 9. Sauti ya Tanzania Zanzibar, kwa mfano, ambayo wazee wengi wa bara tuliizoea kwenye kilohezi 585, jirani zake wa ukuta ni 576 na 594. Huko Marekani ya Kaskazini na ya Kusini wao walijiwekea nafasi ya kilohezi 10.

Sasa, sauti iliyobebwa na wimbi haikai juu ya mstari mmoja kama ndege juu ya waya. Hutanuka kulia na kushoto. Kadiri unavyotaka sauti iwe nzuri zaidi, yenye kengele na filimbi zake zote, ndivyo inavyotanuka. Ndiyo maana redio ya masafa ya kati husikika kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Wengi hudhani ni ubovu wa mtambo. Kumbe ni adabu: stesheni imejikunja isimguse jirani. Tunavyopanda mtama huku kwetu ni hivyohivyo, mtu haoteshi mbegu hadi kwenye shina la mnyaa wa mpakani, huacha nafasi ya kupita.

Mtindo aliouhubiri yule kijana hakuubuni yeye. Ulizaliwa Marekani. Mwaka 2002 mamlaka ya mawasiliano ya nchi ile iliruhusu stesheni za masafa ya kati zirushe dijitali pamoja na sauti ya kawaida wakati wa mchana, na kuanzia mwaka 2007 ikaruhusu hata usiku. Wenye mtambo waliupa jina lenye maana ya kwamba dijitali hiyo inakaa ndani ya njia ya stesheni yenyewe. Jina hilo ni nusu ya kweli, na kwa mwalimu nusu ya kweli ni kosa zima. Katikati ya njia imekaa sauti ya zamani. Dijitali, ile sehemu yake yenye nguvu kuliko nyingine, imewekwa kati ya kilohezi 10 na 15 kutoka katikati, upande wa kulia na upande wa kushoto. Na kilohezi 10 kutoka katikati, kwa kipimo cha Wamarekani wenyewe, si kwako tena. Umesimama uwanjani kwa jirani.

Ni kama mtu aliyepewa shamba la hatua kumi, akapanda mtama wake katikati, kisha akapanda mizabibu katika shamba la jirani wa mashariki na la jirani wa magharibi, na alipoulizwa akajibu: "Mbona mtama wangu uko palepale?" Kwa mipaka yetu iliyo myembamba zaidi, ya kilohezi 9, mizizi ya mizabibu hiyo ingemaliza shamba la jirani wa kwanza na kuchungulia kwa wa pili.

Watetezi walisema kwamba nguvu ya dijitali hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na nguvu ya wimbi lenyewe. Ni kweli. Lakini stesheni ya kilowati 50 hata makombo yake yanamshibisha mtu, na hata mnong'ono wake unamnyamazisha mdogo. Stesheni ya WBZ ya Boston, yenye kilowati hizo 50 kwenye kilohezi 1030, ilipowasha dijitali usiku, stesheni ndogo ya WYSL ya mji wa Avon, katika jimbo la New York, ambayo iko kwenye kilohezi 1040, ililalamika kwamba wasikilizaji wake wanasikia mvumo badala ya sauti. Mvumo wenyewe, walioueleza wanasema, ni shaaa isiyokoma, kama mafuta ya moto yaliyodondoshewa maji. Hauna neno hata moja ndani yake. Kama ingekuwa stesheni nyingine inaingia, ungalau ungesikia wimbo au mahubiri ukajua nani amekuvamia. Dijitali kwa sikio la redio ya kawaida haina uso.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi, na hapo ndipo namwomba yule kijana asogee karibu. Hoja kubwa ya watetezi haikuwa kwamba mvumo haupo. Ilikuwa kwamba mvumo uko nje ya mstari. Kila stesheni huchorewa kwenye ramani mduara wa eneo lake linalolindwa na sheria. Ndani ya mduara, ukiharibiwa, unaweza kushitaki. Nje ya mduara, hata kama umekuwa ukiisikiliza stesheni hiyo miaka thelathini, hata kama ndiyo pekee inayofika kwako, wewe kisheria si msikilizaji. Unachokisikia ni bahati, na mwenye kunyang'anywa bahati hana kesi.

Nimeishi maisha yangu yote nje ya mduara.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 22, mwalimu mpya katika kijiji kimoja cha magharibi ya Dodoma, wakati nchi nzima ilipoingia kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Waliozaliwa baadaye huenda hawaijui. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi, vitabu vidogo vikagawiwa, na watu wazima wakakusanyika katika vikundi vya kusikiliza na kujadili malaria, kichocho, maji na vyoo. Vikundi vilikadiriwa kufika 75,000, na watu wakapita milioni mbili. Sijui nchi nyingine maskini iliyowahi kuwakalisha watu wengi namna hiyo mbele ya redio kwa jambo la maana. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi kimoja, kwa maana ya kwamba redio ya shule ilikuwa mikononi mwangu na betri zake nilizianika juani mchana ili zipate nguvu za jioni.

Sauti ilikuwa mbovu. Sitaki kuisifia kwa sababu ya uzee. Ilikuja na kuondoka kama taa ya mtu anayetembea kati ya mibuyu. Ardhi yetu ni kavu, na wimbi la masafa ya kati linalotambaa ardhini hupenda udongo wenye maji. Wakati wa kiangazi lilitufikia limechoka. Alikuwako mama mmoja mwenye masikio makali ambaye tulimweka shavu kwa shavu na redio, naye akawa anarudia kwa Kigogo kila alichokisikia, na palipomezwa na mkwaruzo watu wakajazia kwa akili zao, wakabishana, wakacheka. Tulikosa neno moja katika matano, na bado vyoo vilichimbwa. Ninavyojua mimi, vitano kati ya hivyo vilidumu zaidi ya mwalimu aliyevihimiza, maana nilihamishwa mwaka uliofuata.

Jambo hili mafundi wa dijitali hawalipi uzito linalostahili. Sauti ya kawaida hufifia polepole, kama mtu anayekwenda mbali huku bado anakupungia mkono, nawe unaweza kumfuata kwa sikio hadi mwisho. Dijitali haifahamu kufifia. Ama ipo yote, ama haipo kabisa. BBC walijaribu dijitali ya masafa ya kati mjini Plymouth kuanzia mwaka 2007, kwa mtindo mwingine ulio safi zaidi nitakaoutaja baadaye, na mchana mambo yalikuwa mazuri. Usiku, mawimbi ya mbali kutoka bara la Ulaya yalipoingia, eneo la kusikika lilipungua sana. Huo ni usiku wa Uingereza, nchi yenye mafundi na fedha.

Na usiku ndio saa ya masafa ya kati. Jua likiwa juu, tabaka la chini la anga hunywa mawimbi hayo. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanapanda, yanagonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo sababu enzi zetu saa tatu usiku mtu wa Zuzu aliweza kukaa nje ya tembe akazungusha kitufe akapita Unguja, Nairobi, na miji ambayo hata lugha yake hakuitambua. Lakini basi, usiku uleule unaoleta sauti ya mbali ndio unaoleta pia mvumo wa mbali. Kinachomwagwa na mtambo wa nchi moja huangukia nchi nyingine. Huwezi kusema "hili ni jambo letu la ndani" juu ya kitu kinachovuka mipaka kila siku magharibi.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mtu mwenye haki. Lakini niliahidi katika kitabu hiki kutojiremba, nami ninayo kesi yangu mwenyewe ya mduara, ambayo yule kijana haijui na baba yake anaijua vizuri sana.

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Sitakitaja. Wanachuo waliongezeka, madarasa hayakuongezeka. Tulikuwa na bwalo kubwa, nami nikaamuru ligawanywe kwa ukuta wa plaiwudi ili tupate madarasa mawili. Fundi alinishauri tuache uchochoro kati ya ukuta na ukuta, tujenge mbili. Nikamwambia mbao hazitoshi, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba ukuta mmoja unatosha, ambayo haikuwa kweli.

Upande mmoja nilimweka mkufunzi wa historia, mtu wa sauti ya ngoma, mcheshi, ambaye wanachuo walimpenda na mimi pia nilimpenda. Upande wa pili nilimweka mkufunzi wa hisabati, Mrangi mmoja mpole kutoka Kondoa, mwenye sauti ya chini na mkono mzuri ubaoni. Huyu wa hisabati alikuja ofisini kwangu mara moja tu. Alisema: "Mkuu, wanachuo wa nyuma hawanisikii." Nikamwambia nitakuja kukagua.

Nilikwenda. Nikaketi mahali ambapo mkaguzi huketi, mbele, pembeni mwa ubao, kwenye kiti kilichofutwa vumbi. Nilimsikia kila neno. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba sauti ya mkufunzi inasikika vizuri na kwamba malalamiko hayana msingi. Wakati natoka akaniambia kwa upole uleule: "Mkuu, naomba siku moja ukae nyuma." Nikamjibu kwamba mkaguzi hukaa mbele.

Matokeo ya mwaka ule upande wa hisabati yalikuwa mabaya. Niliandika barua kwamba mkufunzi anashindwa kulimudu darasa. Ilikuwa barua nzuri, yenye aya nne, nami nilikuwa na sifa ya kuandika barua nzuri. Akahamishwa. Miaka miwili baadaye tulikuwa na mtihani bwaloni, nikaenda kuhesabu viti vya safu ya nyuma, ile iliyogusana na plaiwudi, na kule upande wa pili yule bwana wa historia alikuwa anaeleza Vita ya Maji Maji. Nilikaa kwenye kiti kimoja. Nilisikia kila kitu alichosema. Nilisikia hata alipokunja karatasi. Kama mtu angesimama mbele yangu wakati ule akanifundisha hisabati kwa sauti ya chini, nisingepata hata jawabu moja.

Baba yake huyu mhandisi alikuwa mmoja wa waliokaa safu ile. Alirudia mtihani. Hajawahi kunilaumu, na huko kutolaumu kwake kunanisumbua.

Basi kijana wangu, unaponiambia kwamba kipimo kinaonyesha hakuna madhara, mimi nakuuliza: kipimo kilikaa wapi? Kilikaa mbele au nyuma? Mchana au usiku? Kilitumia antena ya maabara iliyoinuliwa juu ya gari, au redio ya elfu kumi na tano iliyofungwa kwa mpira, yenye kitufe kilicholegea? Maana hiyo ya pili ndiyo redio, na masikio ya redio hiyo hayana uwezo wa kuchuja. Yakifunguliwa kumpokea mmoja hupokea na nusu ya jirani. Redio ya bei nafuu ni mtu mwenye moyo mpana; ndiyo inayoumia kwanza.

Wala usidhani nachukia mambo mapya. Mzee anayesema kila kipya ni kibaya huwa amesahau kwamba redio yenyewe ilikuwa kipya, na kwamba kuna mababu walioiogopa. Dijitali ina mema yake mengi. Njia moja yaweza kubeba vipindi viwili au vitatu. Yaweza kubeba maandishi, tahadhari ya mafuriko, bei ya mtama. Hutumia umeme kidogo kwa eneo lilelile. Upo mtindo wa kimataifa unaoitwa Digital Radio Mondiale, uliozinduliwa rasmi mwaka 2003, ambao ukipewa njia moja ya kilohezi 9 hukaa ndani ya hizo 9 na kufunga mlango. India imefunga mitambo zaidi ya 30 ya namna hiyo katika masafa ya kati. Afrika Kusini waliujaribu karibu na Pretoria mwaka 2014. Na hao Wamarekani wenyewe? Stesheni nyingi zilizokuwa zimewasha ule mtindo wa kupachika pembeni zilikwisha kuuzima, na mwaka 2018 stesheni moja ya Frederick, jimbo la Maryland, ikaacha kabisa sauti ya kawaida ikawa dijitali tupu. Mwaka 2020 mamlaka yao ikaruhusu yeyote anayetaka afanye hivyo. Walizunguka miaka kumi na minane kurudi pale ambapo mkulima yeyote wa Zuzu angewaambia waanzie: ukitaka kupanda zao jipya, panda kwenye shamba lako, na kama halitoshi mazao mawili, chagua moja.

Najua utanijibu nini, maana ulianza kunijibu kabla keki haijakatwa. Utasema masafa ya kati nchini mwetu yamekuwa matupu. Watu wamehamia FM na simu. Nani atadhurika, jirani yuko wapi?

Kwanza, jirani wa usiku hayuko Tanzania peke yake, nimekwisha kusema. Pili, shamba lililolala si shamba lisilo na mwenyewe. Masafa ya kati yalitupwa na watu waliokuwa na kitu kingine mkononi, wala hayakutupwa na watu wa porini. Mnara wa FM husikika hadi pale upeo wa macho unapoishia, na vilima vyetu vya mawe mnavijua. Toka mjini Dodoma na gari, fuata njia ya vumbi kusini au magharibi, uone ni lini muziki unakatika. Katika hiyo FM yenyewe, tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji umejaa watu na mji ukijaa watu hujaa stesheni. Kule kwenye wingi ndiko kila mtu anakosogea kila kona. Palipo patupu pana thamani yake kwa kuwa ni patupu.

Na tatu, hili sikulifikiria kwenye sherehe, nimelipata baadaye nikiwa napalilia. Kama masafa ni matupu kama unavyosema, basi kwa nini upachike dijitali ubavuni mwa sauti ya zamani? Chukua njia tupu. Weka dijitali yako humo, peke yake, isimame kwa miguu yake. Acha ile ya kawaida iendelee kwenye njia yake mpaka watu wapate redio mpya. Hoja yako ya utupu, mwanangu, inaukata mti uliokalia. Mtindo wa kupachika uliletwa kwa ajili ya nchi ambayo haina nafasi. Wewe unanieleza kwamba tunayo, kisha unaleta dawa ya asiyenayo.

Kuhusu hizo redio mpya nina neno moja. Nimezitafuta katika maduka ya Majengo na ya barabara ya kuelekea stendi, nikiuliza redio ya dijitali. Vijana wa dukani wananionyesha redio yenye namba zinazowaka. Namba kuwaka si dijitali. Tuliona kwenye televisheni: mtambo wa kawaida ulizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma zamu yetu ikafika mapema mwaka 2013. Vingi vilikuwa vizuri baadaye, sikatai, picha ni safi. Lakini siku ya kuzimwa, mwenye fedha ya king'amuzi aliona tarehe mosi kama tarehe nyingine, na asiye nayo alibaki na sanduku la kuwekea kitambaa na maua ya plastiki. Jirani yangu mmoja sanduku lake liko hivyo mpaka leo. Hakuna aliyemwambia hakuna anayepoteza. Angalau hilo waliliacha.

Nakiri jambo jingine kabla sijaulizwa. Usiku wa leo kelele kubwa kuliko zote katika redio yangu haitoki Boston wala kwa jirani wa kilohezi 9. Inatoka kwenye chaja ya simu ya mjukuu wangu, na kwenye taa za bei rahisi tulizofunga barazani, na Zuzu sasa ni njia panda ya nyaya za msongo mkubwa, ambazo kwa maumbile yake hukwaruza kwenye masafa ya kati, hasa manyunyu yakianza. Sina ugomvi na umeme. Nimesoma kwa kibatari. Nazima taa, nachomoa chaja, mjukuu ananuna, nami napata nusu saa. Kelele hiyo nina uwezo wa kuichomoa. Ile ya mnara sina.

Mwezi uliopita kijana alinipigia simu. Alikuwa amesimuliwa na baba yake kwamba mzee anamwandikia majibu kitabuni, akacheka, akasema atakuja mwezi wa tisa na kipimo chake cha nguvu za mawimbi ili tumalize ubishi kitaalamu. Nimekubali. Aliniuliza kama saa nne asubuhi inafaa, nikamwambia aje saa tatu usiku. Akauliza kama mbele ya nyumba pana nafasi ya kuegesha gari, nikamwambia ipo, lakini kipimo tutakiweka nyuma, kule zizini kwa jirani, na tutatumia redio yangu. Betri alete yeye.